Uzi Mweupe Kwapani

Fundi alikuwa amekalia kiti laini kuliko vyote alivyowahi kukalia, na alijihisi yuko juu ya miiba. Hoteli ilikuwa ya heshima. Sakafu iling'aa hata ukaona kidevu chako, vitambaa vya meza vilikuwa vimepigwa pasi mpaka pembe zikasimama, na wahudumu walitembea kana kwamba kuna mtoto amelala. Ilikuwa saa tano, ule wakati wa wenye nafasi, ambapo chai ya asubuhi na chakula cha mchana hukutana kwenye meza moja ya kujipakulia. Yeye na wifi yake, karani wa benki, walikuwa wamemleta rafiki yao Muuguzi kumpongeza kwa kustaafu.

Balaa lilianzia mlangoni. Muuguzi, mwanamke wa miraba minne mwenye kicheko cha kujaza ukumbi, aliinua mikono awakumbatie. Kwapani mwa gauni lake la kijani, Fundi akaona uzi mweupe.

Gauni lile alilishona yeye. Uzi ule ulikuwa wa bandi, mishono mirefu ya mkono inayoshikiza kitambaa kabla ya kupita cherehani. Mama mkwe wake, aliyemfunza kazi, alimwambia bandi haing'olewi mpaka mashine ipite. Basi kama uzi upo, mashine haikupita. Akakumbuka: jana jioni, katikati ya kazi, aliingia mteja wa sare. Alipotoka, Fundi alishika pasi badala ya kurudi kwenye cherehani. Ubavu mzima wa Muuguzi, toka kwapani hadi kiunoni, ulikuwa unamtegemea Mungu.

Aseme? Mbele ya wifi? Mtaa mzima ulijua kwamba mshono wa nyumba ile haufumuki. Na tangu mama mkwe azikwe, wifi alikuwa hachoki kusema kwamba cherehani imebaki yatima.

"Sahani ziko wapi?" Muuguzi aliuliza, akijiandaa kuinuka. "Leo nakula mpaka meza iombe msamaha!"

"Kaa, dada, kaa! Mwenye sherehe hainuki. Nitakuletea."

Akaleta mayai. Akarudi akaleta mkate na matunda. Akarudi tena kwa ajili ya soseji.

"Wifi," karani alisema, "mbona unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia? Kaa ule."

"Nakula."

"Unakula nini? Hata kijiko chako hakijalowa."

Muuguzi akaanza kusimulia habari za mgonjwa mmoja, baba mzima na ndevu zake, aliyekimbia sindano akapanda juu ya kabati. Akacheka kwa mwili wote. Fundi hakusikia kisa, alisikia uzi. Tap. Mshono mmoja ulikuwa umeaga dunia.

"Sasa sikilizeni," karani alisema. "Wahudumu wanaleta keki. Muuguzi, utasimama pale kati utoe hotuba."

"Hotuba tu? Nitacheza kabisa!"

Fundi akamtazama rafiki yake. Huyu ndiye aliyemshika mkono mara zote mbili alipojifungua, na siku ile ya kwanza alipopiga kelele za aibu, hakuna mtu wa nje aliyepata kujua. Heshima ya nyumba ni kitu kikubwa, lakini haiwezi kulindwa kwa kumvua mwenzako hadharani.

"Dada, usisimame," alisema. "Gauni lako sikulimaliza. Huo ubavu umeshikwa na bandi tu."

Muuguzi akachungulia kwapani.

"Kumbe! Nami nasema upepo huu unatoka wapi!" Akaanza kutikisika.

"Usicheke!" Fundi na wifi yake walisema kwa pamoja.

Karani alivua mtandio wake, akamfunga Muuguzi mabegani, wakatoka watatu wamebanana hadi chooni. Fundi alichomoa sindano aliyozoea kuichomeka ndani ya kola yake, akatafuta uzi mkobani, akainama. Mtu akagonga mlango. Karani akauegemea kwa mgongo.

"Subiri kidogo, mama, kuna mgonjwa. Muuguzi yuko naye."

"Nisamehe, wifi," Fundi alinong'ona.

"Nyumbani nitasema, tena nitasema sana. Hapa shona. Rudisha sindano nyuma kila mshono, kama Mama. Hilo jina la nyumba si lako peke yako."

Keki ilipofika, Muuguzi alisimama katikati ya ukumbi na kunyoosha mikono yote miwili juu. Alizungumza kirefu, watu wa meza za jirani wakapiga makofi, mmoja hata akafuta machozi. Fundi na wifi yake walipiga makofi pia, wamechelewa kidogo. Hakuna hata mmoja wao aliyesikia neno. Macho yao manne yalikuwa kwapani.