Koplo wa Mizinga na Sajenti wa Meno

Kyela hakuna mtu anayehitaji kupigiwa mzinga. Mzee Yakobo aliligundua hilo mapema, siku alipoketi barazani kwa baba yake, kijijini Katumba Songwe, gwanda lake la koplo ameshalivua, na majirani wamekuja kumuuliza amejifunza nini huko jeshini miaka yote hiyo. Akawaambia mizinga. Wakatazamana. Mmoja akataka kujua kama anaweza kutengeneza redio.

Redio hakuweza. Alichoweza ni kukadiria bomu litaangukia wapi nyuma ya mlima asiouona, na kwa ujuzi huo akapata kazi ya kulinda ghala la kakao mjini, rungu mkononi, mpaka mvi zikamjaa kichwani. Hakulalamika. Aliichukulia kuwa adhabu halali ya kijana aliyechagua kazi kwa sababu ya kishindo chake.

Kwa hiyo Tusekile, binti wa jirani yake, alipomaliza JKT na jina lake likatoka miongoni mwa waliochukuliwa jeshini, mzee huyo ndiye pekee aliyemuuliza swali la maana. Wengine walikuwa na kazi ya kumpongeza. Baba yake alimtaka awe polisi jeshi, kwa ajili ya zile glavu nyeupe. Kaka zake walimtaka aendeshe malori. Mama yake hakutaka chochote ila arudi mzima.

Mzee Yakobo alimkuta uani anaanika mpunga. Akaegemeza baiskeli yake ukutani, akavuta kigoda.

"Watakuuliza unataka fani gani. Umeshafikiri?"

"Polisi jeshi, baba."

"Na ukimaliza jeshi, hapa Katumba Songwe utamkamata nani?"

Tusekile akacheka. Mzee hakucheka.

"Sikutanii, mwanangu. Kila kazi watakayokutajia, iulize jambo moja tu. Siku nikilivua gwanda, raia watanifuata, au nitawafuata mimi? Mizinga haina wateja. Nimekaa na utaalamu wangu miaka yote hii, hajaja hata mmoja."

Wakazipitia kazi za jeshi moja moja, mpunga ukikauka. Udereva una wateja, mzee alisema, ila madereva wamejaa stendi wanagombania usukani mmoja. Upishi nao una wateja, lakini mama yako atakuuliza ulikwenda mbali kote huko kufanya nini. Redio za upepo zimeuawa na simu. Hatimaye akashika shavu lake kama mtu anayekumbuka maumivu.

"Kikosini kwetu kulikuwa na daktari wa meno. Cheo chake kidogo tu. Siku moja nilimwona kanali mzima kakaa kwenye kile kiti, kashika shavu, anamwambia tafadhali. Sikuwahi kumsikia kanali akilisema tena neno hilo. Chagua meno."

Tusekile akachagua meno. Jeshini kuulizwa si kupewa, lakini anayejibu bila kusita mara nyingi husikilizwa, na yeye hakusita. Wenzake waliotaja ukomandoo waliangua kicheko. Ofisa aliyekuwa akiuliza aliinua macho, akamtazama kidogo, kisha akaandika. Miaka ilipopita makomandoo hao hao walimfuata kwenye kiti chake mmoja mmoja, na hakuna wagonjwa waliopiga kelele kuwashinda. Tusekile hakuwakumbusha kitu. Alisoma mpaka akawa tabibu kamili wa kinywa na meno, akapanda vyeo hadi usajenti, mkataba ukaisha, akarudi nyumbani.

Alifungua kliniki yake mjini, mtaa wa Mbugani: chumba kimoja, kiti kimoja na pazia la kijani. Msimu wa mavuno ya mpunga ulipofika tayari alikuwa na wagonjwa kutoka Ipinda na Itungi, na wengine walivuka Mto Songwe kutoka Malawi wakiwa wamejifunga leso kichwani. Raia walimfuata. Yeye hakumfuata mtu.

Ila kuna mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwambia habari hizo, naye ni yule aliyemtuma.

Ilitokea hivi. Likizo yake ya kwanza baada ya kufuzu masomo ya meno, Tusekile alikuja nyumbani akiwa amepanga kuvuka uwanja siku ya Jumapili, akae kwenye kile kigoda, atoe ripoti. Mshenga akamtangulia. Lusungu, mtoto wa Mzee Yakobo, aliyesoma naye shule moja na kuandikiana naye kwenye simu muda wote wa mafunzo, alikuwa ametuma watu. Tusekile alimpenda Lusungu na akakubali. Alipokubali hakupiga hesabu ya kile anachokipoteza.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, wala hawapishani kwenye njia moja. Huko ndiko kutila, na ni heshima, si ugomvi. Siku hizi wengi wamelegeza. Zipo nyumba ambazo baba mkwe na mkwewe hukaa sebule moja wakaangalia taarifa ya habari. Mzee Yakobo hakulegeza. Alikuwa mtu wa kanuni, na mama yake mzazi alimtila babu yake mpaka siku ya kumzika. Tusekile naye alilelewa na mama wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo tangu siku ya mshenga, watu wawili waliokuwa wakielewana kuliko wote kijijini hawakuongea tena.

Mzee alichofanya ni kupiga kengele. Kila alipokaribia mahali alipodhani mkwewe yupo, aliipiga kengele ya baiskeli yake, ili Tusekile apate nafasi ya kujificha. Tusekile alijibanza nyuma ya miti ya kakao, nyuma ya mashine ya kusaga, mara moja nyuma ya ng'ombe. Wakati mwingine, akiwa ameinama na koti lake jeupe huku baiskeli ikipita, alijiona mjinga. Mara nyingi zaidi alijisikia mpweke.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokolea na njia zikajaa maji, mama mkwe wake, Mama Naomi, alifika kliniki na habari kwamba mzee hali chakula.

"Ni jino, mwanangu. Gego la chini. Amesukutua chumvi, ameweka karafuu, ametafuna majani ya mpera. Shavu limepanda hadi jicho linafumba."

"Tangu lini, mama?"

"Ananificha. Mimi nimejua juzi, alipoukataa wali."

Tusekile akampa dawa ya kutuliza usaha, akamweleza kwamba dawa inapunguza tu, jino lazima litoke. Aende hospitali ya wilaya, yuko daktari mzuri.

"Nimemwambia hivyo hivyo. Anasema daktari wa meno anaye, alimchagua mwenyewe, na mwingine hamfungulii mdomo."

"Basi aje hapa."

"Anasema hapa hawezi kuja. Anatila."

Mtu mwingine angecheka. Tusekile hakuweza, kwa sababu alijua usaha wa gego la chini hushuka shingoni, na ukishuka huziba njia ya hewa. Kikosini aliwahi kumwona askari kijana, mwenye afya tele, akifa hivyo. Jioni ile alimwambia mumewe bila kuzunguka: baba yako anaweza kufa kwa jino, na hana siku nyingi.

Ndugu wakakutana kwa Mzee Yakobo, mgonjwa mwenyewe akiwa chumbani na shuka usoni. Mdogo wake, Andongwisye, ndiye aliyeleta pendekezo lililopita, na ni pendekezo ambalo sidhani lingeweza kupita mahali pengine popote. Mzee atapelekwa kliniki. Tusekile atakaa nyuma ya pazia, asionekane wala asisikike. Atamnong'oneza Lusungu, Lusungu atamwambia mama yake, na Mama Naomi ndiye atakayeling'oa jino. Mgonjwa aliulizwa, akaitikia kwa kichwa chini ya shuka. Tusekile naye alipoletewa uamuzi huo alikubali, akijua wazi kwamba haufai. Alichotaka ni kumpata mzee kwenye kiti. Mengine angeyaona hapo.

Walimleta asubuhi kwa bajaji. Kutoka nyuma ya pazia Tusekile alisikia viatu vyake, akasikia kiti kikilia alipokaa. Hawakuwa wamewahi kuwa karibu kiasi kile tangu siku ya mpunga.

Alimnong'oneza Lusungu namna ya kushika kioo cha kuangalizia mdomoni. Lusungu akatoka, akasema. Mama Naomi akakiingiza kioo, kikagonga pua. Akajaribu tena, mzee akaguna.

"Mwanangu, mimi nimezoea kunyonyoa kuku," Mama Naomi alisema, akikitoa kioo. "Sioni hata jino lenyewe liko wapi. Mdomo haufunguki."

Tusekile alisikia neno hilo la mwisho, na pamoja nalo akasikia kitu kingine: pumzi ya mzee ilikuwa ikikwaruza. Mdomo usiofunguka na pumzi inayokwaruza, alijua vinakoishia. Angeweza kutoka na kumshika kwa nguvu, na mzee angeinuka aondoke, afe na heshima yake. Akasimama nyuma ya pazia, akavuta barakoa hadi machoni, na sauti iliyomtoka hakuipanga. Ni ile ya gwaride.

"Koplo Yakobo."

Lusungu alimtazama mkewe kama hamjui. Upande wa pili kiti kikalia tena, maana mzee alikuwa amenyoosha mgongo, visigino vimekutana.

"Afande," alijibu, kwa taabu.

"Sajenti Tusekile hapa. Funga macho. Fungua mdomo kadiri unavyoweza. Husemi neno mpaka upewe ruhusa."

Koplo ni koplo hata akiwa na mvi. Kanuni ya ukoo ilimkataza kusema na mkwewe; kanuni nyingine, ya zamani vile vile mwilini mwake, ilimkataza kumgomea sajenti. Mzee Yakobo akafumba macho, akafungua mdomo. Tusekile akalisogeza pazia, akatoka.

Uso wa mzee ulikuwa umezeeka kuliko alivyoukumbuka. Hakuwa ameutazama kwa karibu miaka yote hiyo, na sasa mgonjwa wake alikuwa na macho yamefumbwa, kwa hiyo aliutazama. Kisha akamchoma ganzi. Ganzi haishiki papo hapo, daktari husubiri, na hapo Tusekile akaona kwamba nafasi kama ile haitarudi.

"Koplo, nina ripoti iliyochelewa," alisema, sasa polepole. "Uliniambia nichague meno. Nilichagua, wakanicheka. Nikafuzu wa tatu. Nilirudi Ijumaa nikiwa nimepanga kuja kwako Jumapili, mshenga akafika Jumamosi. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia, baba. Iliniuma, na inaniuma hadi leo. Wateja wapo. Wengine wanavuka hata mpaka. Sijamfuata mtu hata mmoja. Ndaga, baba. Ndaga fijo, asante sana."

Mdomo wa mzee ulikuwa wazi, ruhusa ya kusema hakuwa nayo, na ganzi ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Chozi lilimtoka kwenye jicho lililofumba, likapita juu ya uvimbe, na Mama Naomi akalifuta kwa pembe ya kitenge akisema ni maumivu hayo, ni maumivu tu.

Gego lilitoka kwa shida, usaha ukafuata, na baada ya muda pumzi ikaacha kukwaruza. Tusekile akamsafisha, akamwekea pamba, akarudi nyuma ya pazia.

"Kazi imekwisha, koplo. Dawa utazimaliza zote. Simama. Nyuma geuka. Mbele tembea."

Mzee akasimama, akageuka nyuma vizuri kuliko alivyotarajiwa, akatoka macho yakiwa bado yamefumbwa, mkewe akimshika mkono asijigonge mlangoni. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba Mzee Yakobo amemwona mkwewe, wala kwamba wamezungumza. Andongwisye alipoulizwa alisema mambo yote yalikwenda kama ndugu walivyopanga.

Uvimbe ukashuka. Mzee akarudi kwenye wali, kisha kwenye baiskeli. Kengele ikaanza kusikika tena njiani, na Tusekile akajibanza nyuma ya mikakao kama kawaida. Alijiambia ameshatoa ripoti yake, inatosha.

Siku moja, masika yakielekea ukingoni, Mama Naomi akaingia kliniki akiwa na mkungu wa ndizi. Akauweka chini, akakaa, akakunja kitenge chake mara mbili tatu.

"Mzee anauliza arudi lini."

"Hana haja ya kurudi, mama. Pamepona. Lile jino halipo tena."

"Nimemwambia. Anasema ana mengine."

Tusekile alikuwa ameuona mdomo ule wote, jino kwa jino. Yaliyobaki yalikuwa mazima, ya mtu aliyekula muwa maisha yake yote. Aligeuka upande wa dirisha kwa muda, akajifanya anapanga vyombo. Nje, mbele ya duka la jirani, baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo, na mwenyewe amesimama kando yake, mgongo umeelekea kliniki, anasubiri jibu.

"Mwambie koplo aripoti Jumatatu asubuhi," alisema.