Kidole cha Hanus Juu ya Mpira

Hanus tulimzika mwezi wa tatu, siku ya upepo mkali. Wabeba jeneza walilazimika kusimama njiani zaidi ya mara moja na kuupa upepo mgongo kabla ya kuendelea. Pale kaburini kurasa za kitabu cha mchungaji zilikuwa zikipeperuka ovyo, naye Eyðun mwokaji mikate, aliyekuja kwa kivuko kutoka mji mkuu, Tórshavn, akaninong'oneza, "Angekuwa hai angelala chini amshikie." Nilicheka. Halafu machozi yakanitoka, na sikuweza kuyazuia hadi tuliporudi nyumbani kunywa kahawa.

Nilikuwa jirani yake hapa Skopun, kijiji kidogo cha visiwa vya kaskazini ya mbali, maisha yangu yote. Alifanya kazi katika kiwanda cha samaki, hakuoa, na alikuwa na kondoo wachache mlimani. Mtu wa kawaida kabisa. Ila zamani aliichezea timu ya taifa, wakati ambapo dunia haikuwa imekubali bado kwamba sisi ni taifa la mpira.

Siku zile hapakuwa na uwanja wa nyasi popote visiwani. Nyasi zilikuwa za kondoo. Mpira ulichezwa kwenye changarawe, na mtu akianguka, mama yake alikaa jioni nzima akimtoa vijiwe gotini kwa sindano ya kufumia. Timu ilicheza na Shetland, ikacheza na Iceland, ikafungwa na kurudi, ikashinda mara mojamoja. Wachezaji walisafiri kwa meli wakitapika usiku kucha, wakashuka na kuingia uwanjani hivyo hivyo, ardhi bado ikiwayumbia.

Kazi ya Hanus ilikuwa ulinzi, lakini hakuna anayemkumbuka kwa hiyo. Anakumbukwa kwa penalti. Hapa kwetu upepo hauuachi mpira utulie. Unauweka penye alama, unarudi nyuma upige, na mpira umeshaondoka kivyake. Kwa hiyo mchezaji mwingine wa timu hulala kifudifudi na kuubana kwa kidole kimoja kutoka juu, mpaka mguu wa mpigaji uuguse. Ukiachia mapema, upepo unauchukua. Ukichelewa, kiatu kinakuchukua kidole. Wageni wakiona jambo hilo hucheka mpaka siku watakapocheza hapa wenyewe.

Mpigaji alikuwa Rói, mtoto wa pekee wa Billa, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alipiga kwa mguu wa kushoto, kwa nguvu, bila kuangalia juu. Na Hanus alimshikia yeye tu. Wengine waliwahi kumwomba, naye akawajibu, "Vidole vyangu vinaujua mguu mmoja. Wenu siujui." Walizaliwa kiangazi kimoja wale wawili, na mwanamke mmoja ndiye aliyewafundisha kuiogopa bahari, yaani Billa, kwa sababu mama yake Hanus alikufa mapema.

Rói akaenda kuvua Greenland, kama walivyokwenda vijana wengi. Siku ya kuondoka alimwambia Hanus gatini, "Mwangalie mama. Na usimshikie mtu mpira nikiwa sipo, utakatwa kidole."

Meli haikurudi.

Kwetu habari ya namna hiyo huletwa na mchungaji. Anapita kijijini kwa miguu amevaa joho jeusi, na kila mwanamke mwenye mtu wake baharini anasimama dirishani akiomba apitilize. Siku ile mchungaji alikuta mlango wa Billa umefungwa. Billa alikuwa mlimani anageuza nyasi zikauke. Hanus alimwona mchungaji akipanda, akaacha alichokuwa akifanya, akamfuata nyuma.

Billa aliwaona kutoka mbali. Hakusimamisha reki. Walipomfikia alisema, "Ngojeni nimalize mstari huu. Mvua inakuja."

Mchungaji akangoja, kofia mkononi. Hanus akachukua reki nyingine, akaanzia upande wa pili, wakageuza nyasi wakikaribiana mpaka wakakutana katikati. Ndipo Billa alipoweka reki chini na kusema, "Haya. Semeni."

Alimlilia mwanawe vizuri, kama inavyopasa. Mwili haukupatikana, ila jina liliandikwa kwenye jiwe la kanisani pamoja na ya wenzake. Tangu hapo Hanus ndiye aliyemchimbia viazi, ndiye aliyemchinjia kondoo kila mwezi wa kumi na kuwatundika kwenye kibanda wakauke kwa upepo. Alimwita mama mbele ya watu wote. Mpira wa kushika hakuushika tena.

Miaka ikaenda. Halafu wakubwa wa mpira wakatukubali, nasi tukawekwa kundi moja na mataifa ya kweli. Mechi ya kwanza ya nyumbani tuliichezea huko Sweden, kwa sababu nyumbani bado hakukuwa na nyasi. Tulipangiwa Austria, na watu waliulizana dukani tutafungwa kumi au ishirini.

Mwaka huo kumbukumbu ya Billa ilikuwa imeanza kulegea. Alitia chumvi kwenye kahawa. Mimi aliniita kwa jina la marehemu mama yangu. Tulikusanyika jikoni kwake kusikiliza mechi redioni, tukala nyama kavu na viazi. Tulipofunga bao hakuna aliyeamini, na filimbi ya mwisho ilipolia bado tukiongoza kwa moja, Hanus alifunika uso kwa mikono yake miwili. Nje watu walikuwa wanakimbia barabarani bila kujua wanakimbilia wapi. Meli zote gatini zilipiga honi.

Billa alipiga makofi kama msichana. Kisha akauliza, "Na Rói? Mbona mtangazaji hakumtaja?"

Dada yake Hanus, Armgarð, alinitazama. Mimi nikatazama sahani yangu.

"Goti linamsumbua, mama," Hanus akasema. "Wamempumzisha."

"Aa," Billa akasema. "Hilo goti tangu utotoni."

Hivyo ndivyo ulivyoanza uongo ule. Kila timu ilipocheza, Billa aliuliza, na Hanus alijibu: goti, homa, kocha mjinga. Kijiji kizima kikaingia. Tulipofungwa mabao mengi, na tulifungwa mengi, Billa alikwenda dukani akiwa amenuna. "Wanafungwa kwa sababu hawamwingizi Rói!"

"Nami nimesema hivyo hivyo, Billa," muuza duka alimjibu. "Kocha huyu hana macho."

Armgarð hakupenda. Siku moja alimshika kaka yake mlangoni kwangu. "Utaendelea hivi mpaka lini?"

"Ameshamzika mara moja," Hanus akasema. "Sitakubali amzike tena."

"Wewe ndiye hukumzika."

Hanus akavaa kofia yake akaondoka.

Kiangazi kimoja, baada ya mlima kupasuliwa kule Toftir, kisiwa kingine, na uwanja wa nyasi kuoteshwa, ikatangazwa redioni kwamba wachezaji wa zamani wataalikwa kucheza na wazee wenzao wa Shetland. Mechi ya kufurahisha tu. Billa alisikia. Asubuhi hiyo hiyo nilimkuta amevaa vazi lake la sikukuu na vifungo vya fedha, akiwa amekaa kitini, mkoba magotini. Siku ya mechi ilikuwa bado.

"Goti limepona sasa," aliniambia. "Nakwenda kumwona."

Hanus alimwambia bahari imechafuka. Alimwambia vivuko vimejaa. Mwisho alimwambia ukweli nusu, kwamba huenda Rói asicheze. "Basi nitamwona amekaa," Billa akajibu. "Nina haki ya kumwona mwanangu amekaa."

Armgarð alisema, "Uongo wako huo, Hanus. Ubebe mpaka Toftir."

Tukaenda, vivuko viwili. Billa alikuwa na mfuko wa keki za jamu ya rubabi, mmea mchachu wa bustanini, ambazo Rói alizipenda, na hakutugawia hata moja. Najua Hanus alichokuwa anakiomba njia nzima: ukungu ushuke, au mama asinzie.

Ukungu haukushuka. Upepo ulivuma kutoka baharini moja kwa moja, na wale wazee wakaingia uwanjani, Hanus na Eyðun wakiwemo, jezi zimewabana matumbo.

"Hanus!" Eyðun alipiga kelele. "Ukianguka leo hakuna changarawe. Utalia kwa sababu gani?"

"Wewe ukianguka tutafutiwe uwanja mwingine," Hanus akamjibu, na watu wakacheka. Eyðun alikuwa ameshiba mikate yake miaka mingi.

Billa alikuwa kando yangu, anawapitia mmoja mmoja kwa macho. "Simwoni," alisema. "Labda ataingia baadaye." Nami nikasema, "Labda, mama." Mungu anisamehe.

Penalti ikapatikana mwishoni. Eyðun aliuweka mpira penye alama, upepo ukausogeza. Akauweka tena, ukaviringika mpaka miguuni kwa refa. Watu wakaanza kuimba jina la Hanus. Nilimwona akitikisa kichwa, akirudi nyuma, mikono kwapani. Lakini mpira ulipoviringika mara ya tatu, mwili wake ulikwenda wenyewe. Alitembea, akapiga magoti, akalala kifudifudi kwenye zile nyasi changa, akageuza uso pembeni na kuweka kidole.

Billa akasimama. "Rói ndiye atakayepiga," alisema kwa sauti, akiwaambia watu wa nyuma. "Tazameni. Mguu wa kushoto."

Eyðun akaja mbio zake nzito, akapiga kwa mguu wa kulia. Mpira ukaingia. Watu wakaruka. Hanus hakuweza kuinuka mara moja, ikabidi wawili wamvute mikono. Kofia ilikuwa imemwanguka, na kichwa kilikuwa na upara, na mvi zilizosalia zilipeperuka pembeni mwa masikio.

Billa hakupiga makofi.

"Yule aliyelala ni Hanus wangu?"

"Ndiye, mama."

"Amezeeka."

"Ndiyo."

Alikaa. Alifungua mfuko wa keki, akaufunga tena. "Hanus hawezi kumshikia mtu mwingine mpira," alisema polepole, "kama Rói yupo."

Kivuko cha kurudi kilikuwa karibu kitupu. Hanus alikaa mbele yake, na nilimwona usoni kwamba ameshajua mama amekumbuka. Billa alitazama maji, muda mrefu.

"Mchungaji alikuja," akasema. "Nilikuwa na reki."

"Ndiyo, mama."

"Mstari tuliumaliza?"

"Tuliumaliza."

"Mvua ilikuja?"

"Ilikuja baadaye. Nyasi zilikuwa zimeshaingia ndani."

Akaitikia kwa kichwa. Alilia kidogo, bila sauti, akifuta uso kwa kiganja. Hanus alinyoosha mkono, naye akauondoa.

"Unajua umenifanya nini? Muda wote huu nimekuwa nikimkasirikia. Yuko hapa hapa nchini, anaumwa goti tu, na haji kumwona mama yake. Usiku nilimsema vibaya. Nilimwambia Mungu mwanangu hana shukrani." Akafuta uso tena. "Na yeye maskini yuko chini ya maji."

Hanus akainamisha kichwa.

"Usinifanyie tena hivyo. Nikikuuliza, niambie."

"Utasahau, mama. Utaniuliza tena."

"Basi uniambie tena."

"Utalia kila mara."

"Kilio ni changu," Billa alisema. "Nipe."

Kesho yake nilikwenda kumpelekea maziwa. Hanus alikuwepo. Billa alikuwa anamenya viazi, mchangamfu, na bila kuinua kichwa akauliza, "Mechi nyingine lini? Safari hii Rói atacheza?"

Hanus alinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumsaidia. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu, akamtoa kisu mkononi taratibu.

"Mama," alisema, "tulikuwa mlimani. Ulikuwa unageuza nyasi."

Hiyo ndiyo njia aliyoipata. Hakumtupia neno lenyewe. Alianzia kwenye nyasi, akamletea reki, wingu, joho jeusi likipanda, mpaka Billa alifika mwenyewe pale pa kusimama na kusema, "Haya. Semeni." Wakati mwingine ilichukua alasiri nzima na kahawa ikapoa. Alilia kila mara kama mara ya kwanza, Hanus amemshika mabega. Kijijini walisema amegeuka mkatili. Muuza duka alimwambia usoni, "Ungemwachia bibi wa watu furaha yake." Hanus alinunua tumbaku yake akaenda zake, na Jumamosi timu ilipocheza akafanya vile vile. Aliendelea hivyo mpaka Billa alipokufa, majira ya kuchipua, mapaja yake yamefunikwa na sweta aliyokuwa anafuma na kufumua.

Baada ya hapo Hanus alisikiliza mechi peke yake. Tumefunga, tumefungwa, tumetoka sare na wakubwa, na watoto wa leo hata hawajui kwamba zamani hatukuwa na nyasi. Ikitokea penalti, kidole chake kilishuka mezani na kukaa hapo.

Majira ya baridi yaliyopita alianza kutia chumvi kwenye kahawa. Nilikuwa nikimpelekea supu. Mwezi wa pili nilimkuta kitandani, dirisha limejaa mvua, redio inasema juu ya timu ya taifa. Aligeuza kichwa.

"Rói amerudi kutoka Greenland au bado? Wanamhitaji."

Niliweka bakuli. Nilisikia neno goti likinijia mdomoni, jepesi kabisa. Nikavuta kiti.

"Hanus," nikasema, "mlikuwa mlimani. Billa alikuwa anageuza nyasi."

Alinisikiliza. Nilimletea mchungaji, nikamletea wingu. Aliangalia dari, na kidole chake cha shahada kikawa kinabonyeza blanketi, kwa nguvu, mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Mstari tuliumaliza?" akauliza.

"Mliumaliza."

"Haya," alisema. "Sema."