Wanga wa Moto kwenye Bazini ya Mkwe

Aibu hii niliipata mbele ya wakwe zangu wote, na sina wa kumsingizia, kwa hiyo heri niisimulie mwenyewe.

Siku ya harusi ya mwanetu Patrick, mama wa bibi harusi alishuka garini mbele ya ukumbi kule Clairwood na nguo yake ya bazini ya buluu imejikunja mgongo mzima, naye ndiye aliyepaswa kumwingiza binti yake ndani. Mimi kazi yangu ni kupiga pasi, na pasi nilikuwa nayo garini. Nikamwambia, "Mama, usijali, dawa iko."

Akaivua kwenye chumba cha nyuma, akajifunga kikwembe, kitenge cha kawaida, nguo ikatandikwa mezani, mashangazi wakanizunguka.

Dawa yenyewe ilikuwa wanga wa muhogo wa kukazia nguo, niliokuwa nimeupika nyumbani Queensburgh nikautia kwenye pampu ya kunyunyizia maua. Wanga ukiwa wa moto ni mwepesi: ukitoka kwenye tundu unatandaa kama utando, utando unachanika kuwa nyuzi, nyuzi zinakatika kuwa matone, na nguo inapata ukungu mtupu (nilikuwa nimejaribu, ukapendeza). Ukipoa unakuwa mzito, haukatiki. Hilo nalijua vizuri. Lakini kila robot, taa ya barabarani, ilituwakia nyekundu, na pale mezani nikaamua nisiupashe tena, maana chupa ilikuwa bado na uvuguvugu.

Nikabonyeza. Kikadondoka kitone kimoja.

"Papa Patrick, acha," mke wangu akasema.

Nikamjibu ni presha tu, nikapampu kwa nguvu zote, na wanga ukaruka kamba nzima, ukalala juu ya bazini kama mlenda, mkia wake ukatua kwenye wigi ya mkwe. Nami kwa haraka ya kuukausha nikaweka pasi, ukashika, ukageuka kahawia.

"Eish, papa! Unanisongea bukari kichwani?" mkwe akafoka. "Mimi siingii mule na kikwembe!"

Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba. Mke wangu hakunitazama hata mara moja. Akavua bazini yake mwenyewe, akamvalisha mkwe, akaazima kikwembe cha mpishi. Katika kila picha ya harusi ya mwanawe wa pekee yuko na kikwembe hicho, chenye doa la mafuta tumboni.

Kuhusu matone, maelezo yangu ni sahihi mpaka leo. Lakini nguo ya mkwe siigusi tena, hata kwa maji matupu.