Pengo Kwenye Sinia

Mwenye kinu cha kukobolea aliniita akaniambia nikusanye watu wangu, kwa kuwa mpunga wa bonde la Bugarama umeanza kuvunwa na kidole kimoja hakivunji chawa. Nilimjibu sawa. Moyoni nilisema vidole vyenyewe vimekatwa, lakini mimi nilikuwa kapita, msimamizi wa kazi, na kazi ile ilikuwa yangu.

Kabla ya vita tulikuwa kundi la kelele. Sasa wengine walikuwa wameuawa hapa hapa, mikononi mwa watu waliowafahamu. Wengine walikimbilia Zaire wakaishi kambini, hadi vita vikawafuata huko pia. Waliorudi walirudi mifupa mitupu. Kila mtu alimkagua mwenzake usoni, na saa ya kula kila mtu aligeukia ukuta na kibakuli chake kama kuku aliyeokota nyungunyungu. Nilichukia kuwaona hivyo. Niliwafokea kwa gunia lililoshonwa vibaya, kwa pumba zilizomwagwa mlangoni, kumbe nilichotaka ni mtu mmoja anijibu jeuri kama zamani.

Walionisumbua zaidi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mama aliyepepeta mchele. Mumewe alikuwa mpimaji wetu, bingwa wa mizaha, aliyeweza kumwambia mkulima kwamba mzani umechoka, aje kesho. Watu walipokimbia, mama huyu alikuwa ametoka kujifungua na hakuweza kutembea. Mume alivuka mpaka pamoja na fundi wetu wa mashine, akaahidi kurudi mambo yakitulia. Fundi alirudi peke yake, na mama akamuuliza siku ile ile, mbele yangu, mtoto akiwa mgongoni.

"Papa, bwana yangu ulimuacha wapi?"

"Tuliachana mu njia, Maman," fundi alisema. "Batu balikuwa bengi."

Mama alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Aliyeachana na wenzake njiani anaweza kuonekana njiani. Kila aliposikia kwamba malori ya wanaorudi yanafika mpakani Cyangugu, aliniomba ruhusa, akaenda na shati safi la mumewe. Nilimruhusu huku nikinung'unika, wenzake wasije wakasema ninampendelea. Alirudi na shati limekunjwa vilevile. Fundi naye hakumtazama kamwe. Aliipaka mashine grisi hata pale isipohitaji.

Nikaamua turudishe sinia. Zamani, mchele wa kwanza wa msimu tuliupika uani tukaula sote kwenye sinia moja, kapita akionja kwanza, na kila mtu alikuwa na mahali pake. Aliyekuwa safarini au mgonjwa aliachiwa pengo, na wali wa upande wake haukuguswa. Aliyekufa, wa kulia na wa kushoto walisogeleana, pengo likafungwa. Desturi hiyo tuliikuta kwa waliotutangulia, nasi tukaifuata bila maswali. Nilidhani wakila pamoja watazungumza.

Tulipika wali, maharagwe na sambaza, dagaa wa ziwani. Tulipoketi mkekani, kwanza tulifunga nafasi za waliouawa. Nilisema sogea. Nikasema sogea tena. Walisogea wameinamisha macho, na duara likawa dogo. Nikaacha pengo moja tu, la mpimaji, kati ya mkewe na fundi, kama ilivyokuwa tangu zamani.

Nikaonja, nikawakaribisha. Mama alikula kidogo, na kwa ncha za vidole akausawazisha wali wa upande wa mumewe, mchuzi wa wengine usiufikie. Fundi hakula. Mkono wake uliooshwa ulibaki ukidondosha maji.

"Kula, Papa," nikamfokea, "wali utapoa!"

Ndipo aliposogea. Alianza na goti, kisha mwili wote, taratibu, hadi bega lake likagusana na la mama. Hakuna aliyetafuna tena. Niliumia, maana aliyeandaa sinia ile nilikuwa mimi.

Mama alilitazama goti lile.

"Ulimuzika?"

"Nilimuzika, Maman. Mu pori. Sikukuwa na jembe, nilichimba na sahani."

"Alikufa na nini?"

"Kuhara. Nilimubeba mu mugongo, nguvu ikaisha."

"Na uliniambia muliachana."

"Uliniuliza na mutoto mu mugongo. Mudomo ilikataa."

Mama hakumlaani. Alinawa mikono, akasimama, akaingia kwenye kinu. Tulimfuata kwa sababu hatukujua la kufanya. Lazima niseme hali ilivyokuwa wakati ule: kumlilia kwa sauti aliyefia Zaire kulivuta macho mengi. Waliofiwa hapa walikuwa na vilio vyao, na aliyekimbia alitiliwa shaka kwamba aliua, hata akiwa maiti. Mama alilijua hilo kuliko sisi.

"Washa mashine," akamwambia fundi.

Fundi akawasha. Hakukuwa na punje ndani. Kinu kikizunguka kitupu kinajitafuna chenyewe, na mazutu, dizeli yake, yanateketea bure. Siku nyingine ningemfukuza mtu kazi kwa hilo. Mama akafungua mdomo. Tuliona shingo ikikaza na mishipa ikisimama, tukaona machozi, lakini kwa mngurumo ule sauti hatukuisikia. Fundi alisimama kando ya mashine, mkono kwenye kishikio cha mwendo, naye akilia, akiongeza mwendo kila mama alipovuta pumzi.

Mwenye kinu alitoka ofisini akanipungia mkono tuizime. Nilimwona. Nikampa mgongo, nikawaashiria wenzangu wasogee karibu. Tukasimama bega kwa bega tukimzunguka mama, nyuso zetu zikitazama nje, ili wapitao barabarani wasimwone.