Boza la Mgeni Rasmi

Mjini hapa jengo halikamiliki fundi anapoweka mwiko chini. Linakamilika siku mgeni rasmi akipata nafasi. Pantaleo aliijua kanuni hiyo tangu alipotoka Masasi akaajiriwa fundi bomba katika hospitali moja ya Upanga, akasoma huku anafanya kazi, akapanda hadi kuwa mkuu wa majengo na miradi, mvi zikamjaa kichwani.

Kila uzinduzi ulikuwa na boza lake, lile lori la maji. Maji hayajaunganishwa? Pantaleo anapiga simu, boza linakuja alfajiri na kujaza matangi, mgeni anafungua koki, maji yanatoka, watu wanapiga makofi. Funika kombe mwanaharamu apite. Mgeni akishaondoka matangi yanakauka, na anayebaki na ndoo ni nesi. Wenzake walimwita Pantaleo Mzee wa Boza. Alicheka nao, lakini jina lilimuuma.

Safari hii lilikuwa jengo la wazazi, kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Kilichokosekana ni pampu ya kisima tu, iliyokwama bandarini kwa sababu wakubwa hawakujisumbua na vibali vyake. Pantaleo alifuatilia, akabembeleza, mpaka miguu ikavimba. Mkurugenzi wake, Elieshi, akamwambia tarehe imeshatangazwa, afanye kama siku zote. Wajawazito wangehamia humo jioni ileile.

Sista Chiku, mkuu wa wodi ya wazazi, alijua vizuri maana ya kama siku zote. Miaka nenda miaka rudi, asubuhi yake ilianza kwa kumpigia Pantaleo kuulizia maji. Akamfuata ofisini, akakaa bila kukaribishwa.

"Kaka Pantaleo, wewe unaondoka. Mama akijifungua humo bila maji, mimi nimpigie nani?"

Pantaleo alijionea aibu.

Jioni ya kuamkia sherehe, kwenye fleti yao ya Mchafukoge, mkewe Scholastika alimletea beseni la maji ya moto akande miguu. Simu ilikuwa pembeni. Mwenye boza alikuwa anangoja neno moja tu. Pantaleo aliitazama simu, akaitazama miguu yake. Jamani, mtu anachoka! Akajifuta, akaenda kulala.

Kesho yake mahema yalikuwepo, na maua ya kukodi, na matarumbeta. Mgeni rasmi akakata utepe, akaingia wodini, akafungua koki. Koki ikakoroma, ikatema hewa, basi. Elieshi macho yakamtoka.

"Mhandisi, maji yako wapi?" mgeni alimuuliza Pantaleo.

"Bandarini, mheshimiwa. Pampu bado imo ndani ya kontena."

Uzinduzi ukaahirishwa, pilau ya wageni ikaliwa na walinzi. Elieshi alimfokea mpaka sauti ikamkauka, akaapa kwamba sherehe ya kumuaga asahau. Pantaleo aliitikia kila neno. Na vile vibali? Vikapatikana fasta! Siku zote hizo vilikuwa wapi, sijui.

Mtaani wakaanza kumwita shujaa. Scholastika akamuuliza ule ujasiri aliutoa wapi.

"Ujasiri gani, mama Stella? Nilichoka tu kupiga ile simu."

Mkewe akamwambia mficha uchi hazai, na angechoka mapema ingekuwa heri zaidi. Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa kweli.

Akastaafu bila keki wala hotuba. Asubuhi moja, jengo likiwa limeshafunguliwa, simu ikaita. Alipoona ni Sista Chiku, mkono ukaanza kutafuta viatu chini ya kitanda.

"Maji tena, Sista?"

"Hapana. Sikiliza."

Akasikia koki ikifunguliwa, maji yakigonga sinki kwa nguvu, na kichanga kikilia karibu na hapo. Pantaleo alikaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, machozi yakimtoka, akasikiliza mpaka Sista alipofunga koki.