Namba Iliyokaa Vidoleni mwa Shangazi

Nilipokuja Birmingham kutoka Kenya kusomea uuguzi nilipokelewa na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa amepanga nyumba Bordesley Green, kwenye safu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, karibu na hospitali. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Alitoka alfajiri na kurudi jioni, na sijui alipata wapi muda wa kupika, lakini kila niliporudi kutoka darasani nilikuta sufuria imefunikwa juu ya jiko.

Kitu cha kwanza tulichokwenda kununua pamoja kilikuwa koti langu la baridi. Pale dukani alichomeka kadi yake ya benki kwenye kile kimashine, kisha akaniambia kwa sauti ya chini nitazame kando. Nikatazama dari. Nilisikia tu vidole vyake vikibonyeza harakaharaka, kama mtu anayepiga kinanda wimbo alioucheza tangu utotoni. Tangu siku hiyo, kila alipotoa kadi nami niligeuza uso bila kuambiwa, hata baada ya kupata kadi yangu mwenyewe na namba yangu ya siri. Kwetu sisi wawili ilikuwa imeshakuwa adabu.

Shangazi alikuwa na rafiki mmoja wa dhati, mama wa Kikongo, mjane, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Walikuwa wakisali kanisa moja na kugombana kila Jumapili juu ya Kiswahili kipi ndicho Kiswahili. Binti wa mama huyo alikuwa ameolewa Ubelgiji, huko Liège, na alipojifungua mtoto wa kwanza, bibi akataka kwenda kwenye ubatizo. Shangazi akasema tutampeleka kwa gari. Hakuwa amewahi kuendesha gari ng'ambo ya bahari, ambako magari hupita upande wa kulia. Alisema barabara ni barabara.

Tulivuka na feri usiku, tukashuka kunapambazuka. Ilikuwa Jumapili ya baridi, mashamba yote meupe kwa umande ulioganda. Mama Mkongo alikaa nyuma na chupa ya chai na keki aliyoifunga kwa vitambaa kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa mbele, kazi yangu ikiwa kumkumbusha shangazi kila tulipofika mzunguko, "Kulia, Anti, kulia." Aliendesha polepole akiimba tenzi, na alikataa kujaza petroli kwenye barabara kuu kwa sababu aliona wanauza ghali. Tulipoingia Ubelgiji taa ya petroli ikawaka, tukatoka barabara kuu na kukiendea kijiji kimoja kutafuta kituo.

Tulikipata. Kilikuwa na pampu na mashine ya kulipia tu, mtu hakuna. Duka la kando limefungwa, kijiji chote kimelala. Kadi yangu mashine iliikataa mara moja, sijui kwa nini. Mama Mkongo alikuwa na noti za yuro kwenye mkoba, ila mashine ile haikuwa na mahali pa kuingiza noti. Ikabaki kadi ya shangazi. Aliichomeka, nami nikageuza uso kama kawaida na kutazama mnara wa kanisa.

Safari hii sikusikia ile mibonyezo ya haraka. Nilisikia kimya, kisha kubonyeza kumoja, kisha kimya tena. Nilipogeuka nilimwona shangazi amenyanyua kidole hewani kama aliyesahau alichotaka kusema. Mashine haikuwa na vitufe. Ilikuwa na kioo cha kugusa, na juu yake tarakimu zimetawanywa ovyo, saba kando ya mbili, sifuri juu kabisa. Alipokosea na kuanza upya, zikajipanga kwa namna nyingine. Akakosea tena. Maandishi ya Kifaransa yakatokea, tukamwita mama Mkongo ashuke atusomee.

Alisoma akiwa amejifunga kitenge mabegani. "Inasema code haiko sawa," akatuambia. "Inabakia mara moja tu. Ukikosa, inafunga carte."

Shangazi alichomoa kadi akarudi kuketi garini. Nikaingia, nikafunga mlango. Nilimwambia anitajie tu namba, mimi nitazitafuta pale kwenye kioo. Alitazama mikono yake juu ya usukani. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa hana la kufanya.

"Sijui namba," alisema. "Siku za kwanza nilizijua. Siku hizi vidole ndivyo vinajua, mimi huvifuata tu."

Taa ya petroli ilikuwa nyekundu, Liège bado mbali, na mtoto alikuwa abatizwe mchana ule. Mama Mkongo alimimina chai akampa shangazi kikombe. Mvuke wa chai na pumzi zetu ulikuwa umetanda kwenye vioo mpaka hatukuona nje, na hapo wazo likanijia. Nikachora vitufe kwa kidole kwenye kioo cha upande wa shangazi, moja mbili tatu juu, na kushuka mpaka sifuri chini, kama vilivyo kwenye mashine za madukani kwetu. Nikamwambia afikirie yuko Birmingham ananunua mkate.

Mama Mkongo akavuta kitenge akajifunika uso. "Miye siangalie," alisema.

Nami nilikuwa nimeshaanza kugeuka. Shangazi akanishika kidevu, akanirudisha.

"Wewe angalia," alisema.

Vidole vyake vilipita kwenye kioo kwa kasi nisiweze kufuata. Nikamwomba arudie polepole, lakini kila alipojaribu polepole alipotea. Basi nikafuta, nikapumulia kioo, nikachora upya, naye akabonyeza kwa kasi yake ile ile, mara nyingi sana, mpaka nikakamata ya kwanza, halafu ya mwisho, halafu zile za katikati. Alikuwa amefumba macho. Nilikuwa mwanamke mzima, lakini nilijiona kama mtoto aliyeruhusiwa kuingia chumba cha wakubwa.

Tulisimama mbele ya mashine wawili, yeye ameshika mkono wa koti langu. Nilizitafuta tarakimu moja baada ya nyingine. Mashine ikafikiri kwa muda ulioonekana mrefu, kisha pampu ikaanza kunguruma. Shangazi hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa, akasema asante kwa Mungu, akaenda kujaza petroli.

Tulifika ubatizo umekwisha, mtoto kalala, lakini tulikuwa tumewekewa pondu, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki wa chumvi waitwao makayabu, na shangazi alimpakata yule mtoto mpaka jua likazama. Tukiwa kwenye feri ya kurudi nilimuuliza kama anataka nimwambie namba yake ni ipi.

"Usiniambie," alisema. "Nikiijua nitaanza kuifikiria, na nikiifikiria itanipotea."

Alipostaafu alirudi Kenya, akafunga akaunti yake, na kadi ile akaikata kwa mkasi jikoni kwetu. Mama Mkongo naye alihamia Liège kukaa na mjukuu. Mimi sasa naishi Hodge Hill, hapa hapa Birmingham, na nina watoto wanaonijibu kwa Kiingereza. Namba ile naikumbuka bado, ingawa haifungui kitu chochote.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Liège kwa treni kumsalimia mama Mkongo. Njia nzima nililipa kwa kugusisha simu tu, kahawa, tikiti, mkate, bila mtu kuniuliza kitu wala mimi kumwomba mtu ageuke. Nilipomwambia hivyo alicheka akaniongezea pondu. Kisha tukampigia shangazi kwa video. Alikuwa shambani, amevaa kofia ya nyasi, na kabla hata ya salamu alitaka kuona kilichokuwa kwenye sahani zetu. Mama Mkongo akainamisha simu juu ya meza, na wale wawili wakaanza kubishana kama ile ni pondu au ni kisamvu. Niliwaacha wabishane, nikaendelea kula.