Ndoo ya Bibi

Baba yangu alilisha fisi karibu maisha yake yote ya kazi, na mimi shuleni nikaitwa mtoto wa fisi. Mtaani walitania kwamba bucha kaachiwa fisi. Wasichojua ni kwamba nyama ya wale wanyama Baba hakugusa hata mfupa, na sisi nyumbani tulikula maharage mpaka tukayachukia.

Bustani ya wanyama ilikuwa kona tu ya bustani ya mji, nyuma ya bembea: nyani, kobe, simba mmoja mzee, na fisi jike ambaye Baba alimwita Bibi. Kila asubuhi Baba aligonga ndoo kwa ufunguo. Bibi akiisikia, alitoka chumba chake cha ndani na kuja kwenye vyuma vya banda, kula.

Simba akafa, uzio ukaoza, na wakubwa wakaamua kufunga. Nyani na kobe walipata wa kuwachukua. Lakini fisi, tena kikongwe, jicho moja limeingia ukungu, nani amtake? Baba akamwomba msimamizi wa bustani amwache Bibi afe kifo chake.

"Mabanda yanavunjwa, mzee," msimamizi akajibu. "Au utamlaza kwako?"

Watu wakacheka. Mtu yule sijamsamehe hadi leo.

Siku mwenye bunduki alipokuja, Bibi alinusa mgeni, akajichimbia ndani gizani. Wakamrushia mawe, wapi! Mwenye bunduki akasema basi, atapiga humo humo gizani, impate itakapompata.

"Utamjeruhi tu," Baba akasema. "Atateseka humo mpaka afe."

"Basi mwite wewe. Si mtu wako?"

Baba akachukua ndoo, akagonga kwa ufunguo kama siku zote. Bibi akaja na mbio zake za kizee hadi kwenye vyuma, akamtazama Baba, wala si bunduki.

"Hata kipande cha nyama sikumwekea," Baba alimwambia Mama jioni ile, hata viatu hajavua. "Ndoo ilikuwa tupu."

Mabanda hayakuvunjwa. Baba alipewa kazi ya kufagia bustani, na ufagio wake aliambiwa auweke banda la Bibi. Akauweka humo mpaka alipostaafu. Nyumbani Mama aliacha kugonga mwiko kwenye sufuria, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Uzeeni Baba akaugua, akalazwa. Daktari alituambia atainuka akila. Sasa mhudumu wa chakula wodini alikuwa na mazoea ya kugonga bakuli la bati kwa kijiko pale mlangoni, wagonjwa waamke. Akigonga, Baba hugeukia ukutani. Nikamsihi yule mama aache, naye, Mungu ambariki, akaacha. Lakini Baba alishafunga mdomo.

"Baba, kula kidogo," nikambembeleza, machozi yananitoka. "Ni uji tu."

"Najua ni uji, mwanangu," akasema. "Hata yeye alijua ni nyama."